Mshika Ngazi

Mwenye duka la dawa alipofika kufungua asubuhi ile, alimkuta mwanamke wa makamo amesimama barazani kwake na ndoo, na dirisha lake kubwa la mbele limekuwa na sura mbili. Nusu ya kulia ilikuwa vilevile ilivyokuwa miaka yote: vumbi la barabarani, alama za vidole, michirizi ya mvua iliyokwisha kusahaulika. Nusu ya kushoto ilikuwa kama haipo. Mtu angeweza kudhani kioo kimeng'olewa.

"Nani amekutuma uoshe?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umeishia katikati?"

"Nusu hii ni ya bure, bwana mkubwa. Ile nyingine ina bei yake."

Mwenye duka alilitazama dirisha, akamtazama mwanamke, akarudi kwenye dirisha. Alitaka kukasirika, lakini wateja wawili walikwisha kusimama na kuchekeana. Mmoja alisema daktari wetu leo amenawa uso upande mmoja.

"Malizia basi," alisema, huku akitafuta funguo mfukoni. "Usiniache kama mtu aliyemkimbia kinyozi."

Hivyo ndivyo mteja wa kwanza alivyopatikana. Mwanamke alipanda ngazi bila kutabasamu. Aliyemshikia ngazi alikuwa mumewe, bonge la mtu mwenye mabega ya kubeba mlango, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva ingawa leseni yake ilikuwa imechukuliwa mwaka uliopita, alipofeli kipimo cha macho. Miaka ishirini na tatu aliendesha mabasi ya masafa marefu. Macho yake, kwa maelezo yake mwenyewe, yalikuwa yamechoka tu.

Kazi yao waliigawana hivi: mke aliosha, mume alishika ngazi. Mke akimaliza, mume alirudi nyuma hatua kumi, akaweka mikono kiunoni na kulikagua dirisha kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Kona ya juu, kushoto," alisema siku ile. "Kuna doa."

Mke alipanda tena, akafuta. Hakuona doa, lakini aliye karibu na kioo haoni kama aliye mbali.

"Sasa?"

"Sasa safi."

*

Kutafuta wateja kulikuwa kazi kuliko kuosha vioo. Kwa miaka kumi na moja mke alikuwa msafishaji wa maofisini, na kazi ilikuwa ikimfuata yenyewe kila alfajiri mpaka siku ile kampuni yao iliponyimwa zabuni. Waliambiwa kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Aliisoma, akachukua kandambili zake, akaenda nyumbani. Hakulia. Kilio kilimpita kama mgeni aliyekosea nyumba, na tangu siku hiyo hakikurudi, wala furaha haikurudi, wala hasira. Alikula kwa sababu ni saa ya kula. Alilala kwa sababu kitanda kipo.

Basi alipita duka kwa duka na ganzi yake, na pengine hiyo ndiyo iliyomfaa, maana mwenye moyo mwepesi asingemaliza wiki.

"Mvua itaosha," alisema mwenye saluni.

"Vioo vyangu vikiwa safi watu wataona bei kabla hawajaingia," alisema muuza viatu, na alisema kweli.

Mpiga picha alimwacha asimame dakika kumi akihudumia wengine, kisha akamuuliza, "Wewe nawe unataka picha ya pasipoti?" Mwingine alimwambia, rudi kesho. Alirudi. Akaambiwa rudi kesho. Mara ya tatu akaelewa kwamba rudi kesho ni hapana iliyovaa viatu.

Lakini mbinu ya nusu dirisha ilizidi kufanya kazi. Wengine walimfukuza, mmoja alimmwagia maji ya ndoo barabarani, ila wengi walishindwa kukaa na dirisha lenye nusu mbili. Aibu ni mteja mzuri. Miezi miwili haikuisha kabla hajawa na maduka manane yaliyomwita kila baada ya wiki mbili, na jina jipya ambalo hakulichagua: Mama Vioo.

Wifi yake, dada mkubwa wa Dereva, alikuja kuwatembelea kipindi hicho, akakaa. Alikuwa mwanamke wa haki, mpishi mzuri, na mwenye ulimi usiojua kulala.

"Kaka yangu alikuwa anasimamisha basi la abiria sitini kwa mguu mmoja," alisema akichambua mchele. "Leo anashika ngazi mke apande. Sisemi kitu. Nasema tu."

"Ngazi bila mshikaji ni kifo, dada," alijibu Dereva.

"Na mshikaji bila ngazi?"

Mama Vioo alikuwa akikamua vitambaa.

*

Jengo la ofisi lilikuwa la ghorofa moja juu, madirisha arobaini na mawili, na meneja mwenye mkono laini. Mlinzi wa getini ndiye aliyewapenyeza, baada ya kumwona Mama Vioo akiosha duka la jirani.

Meneja aliwakaribisha viti. Kiti kizuri alimpa Dereva.

"Haya, mzee. Kampuni yako ina wafanyakazi wangapi?"

"Kampuni ni ya huyu," alisema Dereva, akimwelekeza kidevu mkewe.

Meneja akacheka kwa adabu, kama mtu anayengoja mzaha uishe. "Sawa. Lakini mwenye neno la mwisho ni nani?"

"Ndiye huyu."

"Tutaosha kwa siku tano," alisema Mama Vioo. "Nje na ndani."

Meneja alimgeukia Dereva. "Siku tano, mzee? Mkurugenzi wetu anakuja Ijumaa saa nne kutoka makao makuu. Mkimaliza kabla yake, na kazi ikipendeza, mtakuwa mnakuja kila mwezi. Msipomaliza, sina hela ya nusu kazi. Nimeeleweka, mzee?"

Akasogeza karatasi mezani mbele ya Dereva, na kalamu juu yake. Dereva aliitazama kwa muda, kisha akaisukuma polepole kwa mkewe.

"Weka saini wewe. Mimi mshika ngazi tu."

Mama Vioo aliweka saini. Walipotoka, alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho mwanamume huyu alimpa heshima namna ile mbele za watu. Alijua kwamba ilifaa afurahi. Aliliweka jambo hilo pembeni, kama nguo ya kuvaa siku nyingine.

*

Jumatano mchana walikwisha kumaliza madirisha ishirini na sita. Walikuwa ubavuni mwa jengo, kwenye madirisha ya juu, pale mtaro wa maji machafu unapopita chini ya mifuniko ya zege. Dereva aliisogeza ngazi, akaiegemeza ukutani, akaikumbatia.

"Imekaa?" aliuliza Mama Vioo.

"Imekaa."

Alipanda na raba ya kukaushia vioo mkononi. Alikuwa kwenye kipandio cha tisa alipohisi ukuta unamkwepa. Hakupiga kelele. Aliiona ndoo ikitangulia, akaona anga, kisha akawa chini amekaa, kama mtu aliyeketi kupumzika, na mkono wa kulia umegeukia upande ambao mkono haugeukii.

Mlinzi alifika mbio. Alimwangalia mama, akaangalia ngazi, kisha akamgeukia Dereva kwa sauti ya mshangao mtupu, isiyo na lawama.

"Mzee! Hukuona kwamba hapa hakuna mfuniko? Mguu wa ngazi umeuweka hewani!"

Dereva alikuwa bado ameikumbatia ngazi. Alikuwa akitazama upande ambao mkewe hakuwepo.

*

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu, na watu walisogea kila jina lilipoitwa. Mkono ulikuwa umefungwa kwa kipande cha boksi. Walisogea mara nne.

"Unaniona?" aliuliza Mama Vioo.

"Nakuona."

"Nimevaa kitambaa rangi gani?"

Mbele yao mtoto mchanga alikuwa akilia, mama yake akimtikisa.

"Naona mwanga," alisema Dereva hatimaye. "Naona mtu akipita. Kivuli chako nakijua. Vitu vidogo ndivyo vimeondoka."

"Tangu lini?"

"Vimekuwa vikiondoka kidogo kidogo. Hakuna siku naweza kuitaja."

Walisogea. Benchi lilikuwa na joto la mtu aliyetoka.

"Na yale madoa?"

"Madoa gani?"

"Ya duka la dawa. Ya maduka mengine. Kona ya juu, kushoto. Chini kulia. Miezi yote hii napanda nashuka. Yalikuwepo?"

Dereva alijifuta uso kwa kiganja. "Mengine huenda yalikuwepo."

"Ulikuwa unayatunga."

"Ningesimama pale nikifanya nini, mama watoto? Kila mtu ana kazi. Nikasema na mimi niwe na yangu."

Mama Vioo alihesabu bila kutaka. Maduka manane, kila baada ya wiki mbili, mara mbili au tatu kila dirisha, akifuta mahali palipokuwa safi. Alingoja hasira ije. Alijua njia ambayo ingepita, alikwisha kuifungulia mlango, lakini haikutokea. Kilichokuja ni uchovu, tena wa miguuni tu. Akaitwa jina, akaenda kupigwa plasta. Ile hela ya wiki nzima ya maduka iliishia dirishani kwa mtunza fedha.

*

Nyumbani wifi alimvua viatu, akamwosha nywele kwenye beseni, akamlisha kwa kijiko kama mtoto. Yote hayo kwa upole. Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake, Dereva akiwa amekaa hapohapo kwenye kochi.

"Wifi, mimi si mtu wa kuficha. Jumapili narudi nyumbani, na kaka nakwenda naye. Kule nyumba ya wazazi ipo, uwanja ni mpana, hata asipoona hana cha kugonga. Wewe utapata nafasi ya kupona. Ukipona, utajua la kufanya."

"Umemuuliza?"

"Kipofu anaulizwa njia?"

Lilimtoka kabla hajalishika. Aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Dereva hakujigeuza. Alikuwa akisugua goti lake, taratibu, kama anayetafuta vumbi.

"Nimekosa, kaka. Lakini sema mwenyewe, nimesema uongo?"

"Hujasema uongo," alisema Dereva.

"Wifi, wewe wasemaje?"

Mama Vioo alitaka kusema. Alitafuta ndani yake ndiyo, akatafuta hapana, akakuta pote pamefagiliwa. Simu ikamwokoa. Alikuwa meneja.

"Pole sana mama, nimesikia. Pole kweli. Nipe mzee niongee naye."

"Ongea na mimi."

"Basi, ni hivi. Ijumaa ni Ijumaa. Kuna vijana wengine wana ngazi ya chuma, wanaweza kuja kesho mchana. Na nikiwaita wao, wao ndio watakaolipwa. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka."

Wifi alianza kukunja nguo za kaka yake jioni ileile, shati juu ya shati, kwa unadhifu mkubwa.

*

Alfajiri Mama Vioo aliamshwa na maji yakigonga ndoo. Dereva alikuwa uani amevaa ovaroli lake la zamani la gereji.

"Ngazi unaweza kuishika kwa mkono mmoja?" aliuliza.

"Wewe huoni."

"Nilipokuwa naendesha, usukani nilikuwa nautazama? Gia nilikuwa naitazama? Macho yalikuwa ya barabara, kazi nyingine yote ilikuwa ya mikono. Kioo hakina barabara."

"Utaanguka."

"Wewe mwenye macho mbona umeanguka?"

Lilikuwa jambo la kuchekesha na wote wawili walijua. Hakuna aliyecheka. Dereva alichukua vitambaa na nyuma ya ngazi, Mama Vioo akatangulia na ncha ya mbele begani, wakatoka kabla wifi hajaamka.

Mlinzi alipowaona alishika kichwa. Kisha akaenda nyuma ya kibanda chake, akarudi na mifuko miwili ya mchanga, akaiweka kwenye miguu ya ngazi. "Mimi sijaona kitu," alisema, akarudi getini.

Dereva alipanda. Alikuwa mzito, ngazi ikalalamika, lakini miguu yake ilizijua hatua upesi kuliko Mama Vioo alivyotazamia. Juu alipaka maji ya sabuni kwa mapana ya mikono yake, akavuta raba kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akavua kitambaa begani na kupitisha ncha za vidole pembeni, polepole. Pale penye uchafu vidole viliteleza kimya. Pale palipotakata, kioo kililia, ule mlio mwembamba kama wa panya. Alirudia mpaka kila upande ukalia. Ndani, makarani waliacha kuchapa wakawa wanalitazama lile jitu lenye macho yasiyowatazama, likiwapapasa kupitia kioo. Mmoja alipunga mkono mbele ya uso wake. Mwingine akamkataza.

"Kulia kidogo," alisema Mama Vioo kutoka chini, bega limeegemea ngazi, plasta kifuani. "Shusha. Hapo kuna bawaba, usijichane."

Alijichana. Alinyonya kidole, akaendelea.

Alhamisi walifanya madirisha tisa, na wale vijana wa ngazi ya chuma hawakuitwa. Ijumaa walianza kabla ya jua. Saa nne kasorobo lilikuwa limebaki moja, la chini, la chumba cha katibu muhtasi. Meneja alitoka akikimbia, tai imemwendea begani.

"Gari limeingia getini! Jamani, ondokeni hapa. Nendeni nyuma, kule kwenye mapipa. Na ngazi hiyo. Mgeni asikute ndoo."

Walikaa nyuma ya jengo, kati ya mapipa ya taka, wamekalia ngazi iliyolazwa. Walisikia milango ya gari, vicheko vya watu wanaocheka kwa sababu bosi amecheka, viatu vikipanda, viatu vikishuka. Nzi alitembea juu ya plasta. Haikufika robo saa, gari likaondoka.

"Amesemaje juu ya vioo?" aliuliza Mama Vioo meneja alipowajia.

"Vioo?" Meneja alikuwa akipangusa jasho, na uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu. "Hakusema kitu. Ameuliza choo kiko wapi."

Aliwalipa palepale, kasoro bei ya dirisha moja. Alimpa Dereva noti mkononi, na Dereva akazipitisha kwa mkewe bila kuzikunja. Kuhusu kila mwezi, alisema, atawapigia.

"Tumalizie lile moja," alisema Mama Vioo.

"Si lazima tena, mama. Mgeni kashaondoka."

"Tunajua."

Dirisha la katibu muhtasi halikuhitaji ngazi. Dereva aliliosha amesimama chini, bila haraka, kama mtu anayenawa uso wake mwenyewe. Kioo kilipolia pembe zote nne alirudi nyuma. Jua la saa tano lilikuwa limefika upande ule. Liliingia ndani moja kwa moja, likaangukia meza, karatasi na skrini. Katibu muhtasi, mwanamke aliyefunga miwani kwa kamba shingoni, alikunja uso, akainuka, akavuta pazia.

Vishikizo vya pazia vilipiga kelele kwenye chuma.

"Nini hicho?" aliuliza Dereva.

"Amefunga pazia."

"Juu ya kioo chetu?"

"Jua lilikuwa linamchoma."

Dereva alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu. Walianza kukusanya vitambaa. Mlango wa ubavuni ukafunguka, na yule katibu muhtasi akatoka, miwani ikimning'inia kifuani.

"Samahani, mama. Mimi nyumbani nina madirisha saba. Tangu tuhamie hayajaguswa, na mume wangu kila siku ananiambia kesho. Mnaweza kuja lini?"

"Wiki ijayo," alisema Mama Vioo.

"Wiki ijayo nasafiri. Mimi nafasi yangu ni Jumapili tu. Asubuhi."

Dereva alikuwa ameinama juu ya ndoo. Akainuka. Mama Vioo alimtazama mgongo, lile ovaroli lililolowa mpaka kiunoni. Basi la wifi lilikuwa la Jumapili saa tatu. Nguo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.

"Jumapili sawa," alisema.

"Nitaacha majina getini, maana mlinzi wetu ni mkali." Katibu muhtasi alitoa kalamu, akafungua kiganja chake aandike. "Mnakuja wangapi?"

"Wawili," alisema Mama Vioo.

Dereva aliinama tena. Aliutafuta mkono wa ndoo, akapapasa hewa mara mbili, na mkewe hakumwonyesha ulipo. Mama Vioo alisubiri mpaka mumewe akaupata, kisha naye akashika mwisho wake wa ngazi.